Bega la Kulia la Siyad

Koti lilikuwa la kijivu, lenye vifungo vitatu, na karibu kila mwanamume wa Isiolo mwenye kitambulisho aliwahi kulivaa kwa dakika nne. Mwenyewe alikuwa Kang'ethe wa studio ya picha karibu na soko, aliyelinunua mtumba mwaka ambao hata yeye aliusahau. Mteja aliingia na fulana iliyotoboka, akavalishwa koti, akatoka kwenye picha kama karani wa benki, kisha akalivua na kurudi kwa mbuzi wake. Siku moja polisi walipita sokoni na picha ya mwizi wa mifugo, wakiuliza kama kuna anayemjua jamaa huyu mwenye koti la kijivu. Watu waliitazama ile picha, wakatazamana, na kila mmoja akakumbuka kuna mahali anangojwa.

Deqa alikuwa mfunga vifungo. Kwa miezi minane aliwavalisha watu koti lile, akawapangusa vumbi mabegani, kisha akasogea pembeni ili Kang'ethe abonyeze kamera. Yeye naye alitaka kubonyeza. Alitaka kupiga sura za watu, sura hasa, zile ambazo ukizitazama unajua huyu anapenda chai yenye tangawizi na hapendi kuulizwa maswali. Mafunzo aliyatazama kwenye simu hadi macho yakamwasha. Lakini Kang'ethe alikuwa na msimamo wake, kwamba watu hawataki sura, wanataka koti.

"Niletee mtu mmoja," alimwambia. "Mmoja tu, apigwe bila koti, apende picha, na aitundike kwake kwa ukuta. Hiyo siku kamera ni yako. Kama hakuna, endelea na vifungo."

Na hata hivyo vifungo havikuwa vya kudumu. Mjomba wake Abdighani, mwenye duka la dawa za mifugo huko Garbatulla, alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi ajitokeze na kazi ya maana. Akishindwa, angekwenda kuuza dawa ya kupe. Deqa aliiogopa dawa ya kupe kuliko kitu kingine chochote duniani, kwa sababu alijua kabisa kwamba angeiuza vizuri.

Basi alijaribu. Kang'ethe alimwachia kamera kila saa saba, alipokwenda kula githeri, mahindi yake na maharagwe, kwenye hoteli ya Kui, kwa kuwa saa hiyo wateja walikuwa haba. Wa kwanza kunaswa alikuwa Mawira, muuza mabati na misumari. Deqa alimkalisha karibu na mlango ili mwanga umpate upande mmoja tu, kama alivyoona kwenye simu. Ikatoka picha ya mtu mwenye siri nzito. Mawira aliigeuza mbele na nyuma.

"Na hii upande ingine iko wapi?"

"Iko kwa kivuli, Bwana Mawira. Inaonyesha fikira."

"Bibi yangu ataniuliza sikio moja nimeacha kwa nani," alisema Mawira, akairudisha mezani kwa upole, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Wa pili alikuwa Lobokat, mlinzi wa ghala la mahindi. Huyo Deqa alimpiga uso mtupu, karibu kabisa, kila mkunjo ukionekana. Lobokat aliitazama picha kwa huzuni.

"Miguu yangu imeenda wapi?"

"Nilitaka uso, mzee."

"Nikituma hii nyumbani watasema Lobokat alikatwa miguu Isiolo. Mama yangu ni mzee sana. Unataka kumuua?"

Deqa alitazama chini, akaviona viatu. Vilikuwa vipya, vimepakwa rangi asubuhi ile kwa ajili ya picha, na yeye hakuwa amevitupia hata jicho. Aliona aibu ya kweli. Tangu siku hiyo hakugusa kamera kabla ya kumuuliza mtu anataka nini kionekane. Ila sasa zilibaki siku tisa, na hakukuwa na mtu wa kuulizwa.

Ndipo akaja Barwaqo. Alikuwa bibi mwembamba, mjane, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimkuta Kang'ethe mlangoni akitoka kwenda kula.

"Salaam aleikum. Nimekuja kuchukua Siyad."

Kang'ethe alimkumbuka Siyad. Alikuwa dereva wa lori aliyekwenda Moyale na kurudi kwa miaka arobaini, kisha miaka minne iliyopita akafa kitandani mwake, jambo lililowashangaza wote waliowahi kupanda lori lake. Picha ya Siyad ilikuwa moja tu maishani mwake, ya kitambulisho, ndani ya koti. Nakala ya nyumbani ilichukuliwa na mafuriko. Kitambulisho chenyewe kilirudishwa serikalini alipofariki.

"Mama, pole sana," alisema Kang'ethe. "Negativu, zile filamu za picha, zote zililiwa na mchwa. Hapa kwangu Siyad hayuko."

"Si huyo hapo," alisema Barwaqo, akionyesha msumari ulioning'iniza koti. "Muweke kwa kiti. Mimi nitakaa kando yake. Utupige."

Kang'ethe alimweleza kwa heshima kwamba kupiga koti tupu ni kazi ya watu wa dobi, na kwamba yeye ana jina lake mjini. Barwaqo alimsikiliza hadi mwisho, akaketi. Kang'ethe alitazama saa, akaona githeri inapoa, akaenda zake.

Deqa aliliangalia koti, akamwangalia bibi.

"Ayeyo," alisema, kama Wasomali wanavyomwita bibi yao, "unataka nini kionekane?"

"Siyad."

Walianza kazi. Deqa alilivika koti mgongo wa kiti, likalegea kama mtu aliyesikia habari mbaya. Akalijaza magazeti kifuani. Barwaqo akatikisa kichwa. Siyad hakuwa mnene hivyo, huyo ni kaka yake. Akatoa magazeti mawili. Sasa amekuwa mgonjwa. Akarudisha moja. Barwaqo alisogea nyuma, akafumba jicho moja.

"Bega. Huyu mabega yake ni sawasawa. Siyad bega la kulia lilikuwa juu. Miaka arobaini ameweka mkono kwa dirisha ya lori, hata msikitini alisimama hivyo, utafikiri anapinda kona."

Deqa alijaribu kitambaa, bega halikusimama. Alijaribu sanduku la lenzi, likawa pembe. Mwishowe alikwenda kwenye mkoba wake, akatoa pakiti ya unga aliyotumwa na mama yake, akaitia ndani ya bega la kulia na kuipigapiga hadi ikalala. Koti lilipanda upande mmoja.

Barwaqo aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiti chake karibu na lile koti, si karibu sana, kiasi cha mtu na mumewe mbele ya wageni. Akanyoosha shingo, akakaza uso kama watu wanavyoukaza mbele ya kamera. Deqa aliweka jicho na hakubonyeza. Mle ndani hamkuwa na mtu, mlikuwa na picha nyingine tu ya kitambulisho.

"Ayeyo, mlikuwa mnaongea nini, wewe na yeye?"

"Kuongea?" Barwaqo aligeuka akalitazama koti, na uso ukaanza kumbadilika. "Huyu? Huyu nilimpa cherehani yangu apeleke Moyale itengenezwe. Cherehani nzima na meza yake. Akarudi na mbuzi. Sasa nikuulize, Siyad, leo niko na shahidi. Cherehani iligeuka aje mbuzi?"

Koti lilinyamaza.

"Unaona? Hata hiyo siku alinyamaza hivi hivi. Na mbuzi yenyewe pembe moja. Nikasema, basi hiyo pembe nishonee nguo. Wewe ukacheka. Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mimi na hasira yangu yote nikaanza..."

Hapo alikuwa amelishika koti mkono, ameinama mbele, miwani imeteremka puani, hasira na kicheko vikigombania mdomo mmoja. Deqa alibonyeza. Alibonyeza mara moja tu, kwa sababu alijua ameipata.

Kang'ethe alirudi akakuta unga kidogo sakafuni na mfunga vifungo wake anang'aa uso.

"Nilisema bila koti."

"Hajavaa," alisema Deqa.

Kang'ethe alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko aliokula githeri. Ni kweli, mama hakuvaa. Kilichovaa koti ni kiti. Mwishowe alisema atakwenda yeye mwenyewe kuona kama itatundikwa na kama itakaa ukutani. Akaichapa picha kubwa, akaitia kwenye fremu, akiguna kwamba ameishi hadi kuzeeka akipiga nguo.

Siku ya tatu walifika nyumbani kwa Barwaqo na nyundo. Picha ilipanda ukutani mbele ya majirani kumi na wawili waliokuja kunywa chai, na kwa dakika moja mambo yalikuwa mazuri. Kisha Abdisalan, kaka wa marehemu Siyad, aliweka kikombe chini.

"Barwaqo, huyo mwanamume ni nani?"

"Ni ndugu yako."

"Hana kichwa."

"Kichwa sikupewa. Nimepewa koti."

"Hana kichwa, na wewe umemshika mkono unamchekea. Ndiyo maana nauliza ni nani."

Mawira, aliyekuwa jirani wa ukuta mmoja na Barwaqo, alisogea karibu, akakodoa macho, na bila kufikiri akasema jambo ambalo alilijutia kabla halijaisha kutoka.

"Hiyo koti si ni yangu?"

Mke wake, Rahab, aligeuka polepole. Mawira alitoa kitambulisho kuonyesha kwamba yeye alivalishwa tu, miaka mingi iliyopita, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, kwa sababu Rahab alilinganisha kitambulisho na ukuta na kuona ni koti lile lile, vifungo vile vile. Miaka kumi na mitano ameishi na mwenye koti hilo, alisema, na sasa anamkuta ameketi kwa mama mjane. Mzee mwingine akacheka, mkewe akamwambia atoe chake. Kikatoka, koti la kijivu. Abdisalan naye aliombwa chake, akakitoa kwa ukali, akakitazama, na ukali ukamwishia. Punde wanaume saba walikuwa wamesimama sebuleni na vitambulisho mkononi, kila mmoja akiapa kwamba siye yeye aliye pale ukutani.

"Itoe," alisema Abdisalan. "Itoe kabla mji haujasikia."

Kang'ethe, ambaye koti lilikuwa lake na hivyo alikuwa na hatia kuliko wote, alishika fremu.  Deqa aliiona Garbatulla, akaliona duka, akaona chupa za dawa ya kupe zimejipanga kwenye rafu zikimngojea.

"Wacha," alisema Barwaqo. Hakuinua sauti. "Nyinyi saba, simameni hapo kwa ukuta. Mikono chini."

Wakasimama, watu wazima na heshima zao. Barwaqo alipita mbele yao kama afisa, akimgusa kila mmoja bega la kulia.

"Sawa. Sawa. Hili limeanguka. Sawa. Mawira, wewe huna bega kabisa. Sasa tazameni picha. Nani hapa ako na bega kama hilo?"

Walitazama. Lile bega lilikuwa juu, limejiinua kuelekea dirisha la lori ambalo halipo.  Abdisalan alikwenda karibu hadi pua yake ikakaribia kioo, akasimama hapo muda mrefu, na alipogeuka macho yake yalikuwa na maji.

"Wallahi ni Siyad," alisema. "Ni ndugu yangu. Anapinda kona ya Archer's Post."

"Hata mimi nilikuwa naona ni yeye," alisema Mawira, akirudisha kitambulisho mfukoni haraka.

Chai ilimiminwa upya. Abdisalan aliagiza msumari wa pili, huo mmoja ni mdogo kwa mtu na mkewe, na Mawira akakimbia dukani kwake kuuleta, akifurahi kuwa na sababu ya kutoka. Watu walipoanza kumkumbuka Siyad kwa sauti, Barwaqo alisafisha miwani yake kwa ncha ya ushungi, akaivaa, na kwa mara ya kwanza akatazama upande wa pili wa picha.

"Na huyu mwanamke?"

"Ni wewe, Ayeyo," alisema Deqa.

Barwaqo alimtazama yule mwanamke aliyeinama mbele, mwenye hasira na kicheko, mwenye meno mawili yaliyokosekana na macho ya msichana. 

"Kumbe hivi ndivyo alikuwa akiniona," alisema.

Njiani kurudi sokoni Kang'ethe alitembea mbele na nyundo yake, Deqa nyuma na mkoba wa kamera. Walipofika kwenye hoteli ya Kui, Kang'ethe alipunguza mwendo.

"Kwa bega uliweka nini?"

"Unga."

"Kilo moja ama mbili?"

"Mbili."

Kang'ethe aliitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayesikia kipimo cha fundi mwenzake. Studio ilipoonekana, habari zilikuwa zimewatangulia, palikuwa na watu wanne mlangoni. Lobokat alikuwa wa kwanza, amevaa viatu vyake, na chini ya kwapa ameshika fimbo ya marehemu baba yake, ili apigwe naye. Kang'ethe alifungua mlango, akalitoa koti kwenye msumari wake, akalikung'uta unga uliobaki.

"Simama kwa kamera," alimwambia Deqa. "Vifungo nitafunga mimi."