Maziwa ya Wapiga Dawa

Nilisikia sauti kabla sijafungua mlango wa mabati: fii, fii, kama filimbi iliyoingia maji. Nikadhani ni redio ya jirani. Nilipoweka chini mtungi wa maji na kufungua, nikamwona Katee, mtoto wa dada yangu Roda, kwenye mapaja ya mamake. Filimbi ilikuwa kifua chake. Mate yalimtiririka hadi shingoni, na mikono ilikuwa imelegea.

"Alikuwa sawa asubuhi," Roda akasema. "Ameanza hivi baada ya kulala kifuani mwako."

Ilikuwa Februari, mwaka 2003. Shamba la maua nililofanyia kazi lilikuwa mbioni kupeleka waridi ng'ambo kwa siku ya wapendanao, kwa hivyo hata Jumapili hiyo tulipiga maua dawa hadi adhuhuri. Tukitoka kwenye nyumba za nailoni za kukuzia maua, kila mmoja alipewa pakiti ya maziwa. Sisi wapiga dawa tuliamini maziwa hayo huosha sumu yote mwilini. Ukishakunywa, uko safi. Basi nilirudi nyumbani Kitengela na ovaroli yangu ya kijani, nikambeba Katee hivyo hivyo mpaka akasinzia, kisha nikaenda kuteka maji. Hakuna aliyejua kumlaza kama mimi.

Adero, yaani Mama Lennox, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa amenionya. "Maundu, hiyo nguo inanuka hadi kwangu. Ivue nje." Mimi nikamjibu kwa beti, wapangaji wa ploti nzima wasikie:

Mimi ndume wa dawani, sumu kwangu ni umande,
Maziwa yako tumboni, mwacheni ndume aende.

Watu walicheka sana. Adero akauliza tu, "Na nguo yako pia imekunywa maziwa?"

Sasa Adero aliingia bila kubisha. Akamtazama Katee, kisha mimi.

"Vua."

"Mama Lennox, ngoja kwanza..."

"Vua hapo nje, uoge na sabuni. Roda, mtoe mtoto hiyo shali, tumwoshe."

Niliporudi nikiwa nimevaa suruali ya mume wa Adero, iliyonizidi hadi nikaikunja mara mbili, nilimkuta ametia ovaroli kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa daktari. Mtoto hawezi kujieleza. Hii itamwelezea."

Zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Githongo, muuza nyasi, alikuwa akipeleka marobota ya nyasi Bisil, kupitia Kajiado, kwa pikapu yake. Akamweka Roda na mtoto mbele, mimi na Adero tukapanda juu ya nyasi. Njia nzima nilitega sikio kwenye kidirisha cha nyuma. Filimbi ikiendelea, niliumia. Ikikatika, niliumia zaidi.

Katika hospitali ya Kajiado, daktari alifungua ule mfuko, akanusa mara moja, akaufunga upesi.

"Dawa ya wadudu," akasema. "Aliyeleta hii amenipunguzia kazi."

Akamdunga Katee sindano, kisha nyingine. Polepole filimbi ikashuka, ikawa pumzi ya kawaida. Kabla jua halijatua Katee alitafuta titi la mamake, akanyonya kwa hasira. Roda akaanza kuimba wimbo wa kanisa lao kwa Kikamba, machozi yakimdondoka. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kitamu kama mtoto yule akimeza.

Nilimfuata Adero nje, alikokuwa akinawa mikono bombani. Nilisimama nikishikilia suruali isianguke.

"Asante, Mama Lennox. Nitakutungia..."

"Beti zako ziweke. Kesho utafanya nini?"

Nikamjibu kwa sauti, Roda naye asikie kule ndani.

"Kesho nitaoga shambani, na ovaroli nitaiacha huko. Wakubwa wakikataa, nitawaambia mbele ya wote kwamba maziwa hayaoshi nguo, hata wakinifuta kazi. Katee hatalala tena kwenye kifua kichafu. Nakuahidi, Mama Lennox."