Bertilla wa Sura ya Kwanza

Tuseme ukweli kabla chai haijapoa: kosa lilikuwa la Mwalimu Nestory, na mwenyewe halikatai. Siku boksi la vitabu arobaini vya hadithi lilipofika shuleni, alitoa kimoja, vile thelathini na tisa akavifungia kwenye kabati la ofisini, nailoni yake juu. Sababu alikuwa nayo. Watoto wa hapa Izia, Sumbawanga, wengi huja shule wakipitia shambani, na kitabu chenye alama za tope huwezi kumwonyesha mgeni.

"Kitabu ni kama suti," aliwaambia wenzake. "Huwezi kuivaa ukaenda kulimia."

Walimu wakacheka. Mwalimu Nestory ana miaka arobaini na nane, ana stashahada yake, na shule nzima hakuna anayemfikia kwa utani.

Kwa miaka mitatu alifundisha ufahamu wa darasa la nne kwa kitabu hicho kimoja. Anasoma sentensi, darasa linaitikia. Sura ya kwanza ikiisha, anaandika maswali matano ubaoni, na pembeni majibu matano, ili watoto wasihangaike. Hadithi yenyewe ilikuwa ya msichana anaitwa Bertilla, ambaye anatumwa mashineni kusaga ulezi wa uji wa mama yake mgonjwa. Njiani anakuta mto umejaa na daraja la magogo limekwenda na maji. Swali la tano: Bertilla alisimama wapi? Jibu: Bertilla alisimama kwenye ukingo wa mto. Watoto wote sabini na tatu walipata mia kwa mia. Wa mwaka jana walipata vilevile, na wa mwaka juzi. Sura ya pili hawakuwahi kuifikia, muhula ulikuwa unaisha.

Jumanne moja ya Februari, kipindi cha tatu, mvua imekatika kidogo, Bertilla akaingia darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Mto umejaa."

"Najua. Kaa pale."

Gauni lilikuwa limelowa mpaka kwapani, tope lilimfika magotini, na kichwani alikuwa na kikapu cha ulezi. Alikuwa yuleyule wa kwenye picha ya ukurasa wa tisa, ila gauni limekuwa fupi. Miaka mitatu kwa mtoto si mchezo. Epifania, binti wa dawati la tatu, akasogea akampisha. Kiranja akahesabu upya, akafuta sabini na tatu, akaandika sabini na nne.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Valeria, alipita saa nne akasimama mlangoni. Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga huanza kuuliza habari za waganga. Mwalimu Valeria aliuliza barua ya uhamisho.

"Hana, mkuu," alisema Mwalimu Nestory. "Ametoka kwenye kitabu."

"Kitabu kipi?"

"Kile cha kabatini."

"Haya. Atafutiwe sare, Alhamisi tuna wageni wa mradi wa usomaji." Akaenda zake.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Nestory alimkalisha Bertilla ofisini. Ulezi ulikuwa umeota ndani ya kikapu, vichipukizi vyeupe vinachungulia nje.

"Hiki sasa ni kimea," alisema. "Mama unampelekea uji au pombe?"

Bertilla hakucheka. Alieleza taratibu, kama mtu aliyetumwa na anataka kufikisha ujumbe wote. Mama yake yuko sura ya tatu, amelala, hajala tangu yeye aondoke. Katika sura ya pili yupo mtu wa kumvusha. Amekuwa akimsikia ng'ambo akikohoa. Lakini yeye Bertilla hawezi kuingia sura ya pili mpaka isomwe.

Mwalimu Nestory akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akamsomea mwenyewe, kwa ile sauti yake nzuri ya kusomea masomo kanisani Jumapili. Alisoma sura nzima. Bertilla alisikiliza kwa heshima, mikono mapajani. Maji yaliendelea kuchuruzika kutoka kwenye gauni, yakafuata mteremko wa sakafu mpaka chini ya kabati.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Lakini mimi niliandikwa nisomwe na watoto."

Basi Jumatano Mwalimu Nestory alichana nailoni. Aligawa vitabu, watoto wawili wawili, akasema wafungue ukurasa wa kumi na mbili. Watoto walifungua, wakanyoosha migongo, wakafumbua midomo, wakamngoja aanze. Hakuanza. Ilipita dakika nzima, midomo sabini na mitatu iko wazi, na nje mtu anapita na baiskeli yenye mnyororo mkavu.

"Epifania, soma."

Epifania akasimama. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akakitembeza vizuri toka kushoto kwenda kulia, akasema kwa sauti safi: "Bertilla alisimama kwenye ukingo wa mto."

Mstari ule haukuwa na mto. Ulikuwa na mzee mwenye kamba begani.

"Jastin."

Jastin naye akatembeza kidole. "Bertilla alisimama kwenye ukingo wa mto."

Akamwita Abeli, akamwita Hilaria. Alipofika mtoto wa tisa aliacha kuita.

"Nyinyi mngekuwa redio, ningeshawabadilisha stesheni," alisema, na watoto wakacheka, maana uso wake uliwaonyesha kwamba hapo ni pa kucheka. Bertilla alikuwa anamtazama tu. Mwalimu Nestory akaingiza mkono mfukoni kutafuta chaki, akaitafuta muda mrefu, na chaki ilikuwa kwenye mkono wa pili.

Mchana alikwenda kwa mwalimu mkuu akafunga mlango.

"Mkuu, hawajui kusoma."

"Nani?"

"Wote. Jumatatu naomba nianze nao silabi. Ba, be, bi, bo, bu."

Mwalimu Valeria akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wasio na viatu alikuwa akiwanunulia kwa mshahara wake.

"Silabi, darasa la nne," alisema. "Sawa. Wazazi wakikuuliza zile mia kwa mia za miaka mitatu zilitoka wapi, utawaambia nini, Nestory?"

Mwalimu Nestory alitafuta utani wa kujibia. Alizoea kuukuta pale pale, kama mtu anavyokuta kofia yake kwenye msumari. Safari hii hakuukuta.

"Nimekuelewa, mkuu," alisema.

Jioni alikusanya vitabu, akavifuta alama za vidole kwa kitambaa kibichi, kimoja kimoja, akavirudisha kabatini.

Alhamisi wageni wawili walikuja na biskuti. Sare ya Bertilla haikupatikana. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliuliza maswali ya sura ya kwanza tu, kwa sababu na yeye alikuwa ameishia hapo. Darasa lilijibu kwa pamoja, bati likatetemeka. Kisha akamwona Bertilla.

"Huyu mbona amelowa?"

"Anatoka mbali," alisema Mwalimu Valeria, na hakuwa amedanganya.

Mgeni akainama. "Haya, mwanangu. Bertilla alisimama wapi?"

"Kwenye ukingo wa mto."

"Safi. Na kwa nini hakuvuka?"

"Hakuna aliyenisomea."

Mgeni akatazama karatasi yake. Jibu hilo halikuwepo, wala swali lenyewe halikuwepo, alikuwa amelitunga hapo hapo. Akamtazama Mwalimu Nestory, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Amejaribu," alisema mgeni. "Tumpigie makofi matatu."

Darasa likapiga makofi matatu, bila hata mmoja kuchelewa. Wageni wakaandika kwamba mradi umefanikiwa na kwamba shule itapewa boksi la pili. Wiki iliyofuata fundi kutoka mtaa wa Majengo alikuja kupima ukuta wa ofisi, pa kuweka kabati la pili.

Bertilla anaendelea kuja kila siku. Wenye zamu ya usafi wameongezewa tambara la kukausha chini ya dawati la Epifania. Wakati wa mapumziko Mwalimu Nestory humwachia kile kitabu kimoja, naye hupita nacho dawati kwa dawati, amekifungua ukurasa wa kumi na mbili, amekishika kwa ncha za vidole kisilowe. Muda huo Mwalimu Nestory huwa amegeukia ubaoni, anafuta, hata kama ubao ulishafutwa. Nyuma yake husikia hatua zikisimama, na sauti ndogo:

"Dada, naomba unisomee mstari mmoja tu. Mama hajala."