Vioo vya Mayunga

Kufikia saa tatu asubuhi nusu ya mtaa wa Majengo ilikuwa imejibanza chini ya ghorofa la Mayunga, na mtu asikudanganye kwamba walifuata sherehe. Walifuata joto. Baridi ya Juni pale Sumbawanga haina adabu, inakuingia mpaka kwenye meno, na ghorofa lile lilitazama mawio likiwa limevikwa vioo kuanzia chini hadi juu, orofa nne nzima. Jua likilipiga asubuhi, linarudi uwanjani mara ya pili. Wanawake wanaokausha kimea cha pombe walishaligundua hilo zamani: ulezi wa kukaa juani siku nne, pale ulikauka kwa siku mbili. Leo mikeka ya kimea ilikuwa imeondolewa kwa heshima ya uzinduzi, wakakaa wenyewe.

Lilikuwa zuri, tusifichane. Watu walitoka vijiji vya Kate na Msanzi kuja kulitazama tu, wakaona mawingu yanapita ukutani, wakajiona na wao wamesimama humo na baiskeli zao. Mzee Mayunga alikuwa Msukuma aliyeingia Rukwa na mifugo miaka ya nyuma. Aliposikia biashara imefunguliwa na kila mtu ruksa kuleta anachotaka, aliuza ng'ombe mia mbili akaleta vioo kwa malori. Ndani ya jengo ndipo penye maneno. Asubuhi ni tanuri, mchana ni kisima, na hakuna dirisha hata moja linalofunguka. Kristiana, fundi cherehani wa orofa ya tatu, alikwisha kuhamia kabla ya uzinduzi. Alishona asubuhi akitiririka jasho na mchana akiwa na koti, na kitambaa cha mteja alichokiacha karibu na kioo kilipauka upande mmoja. Hakulalamika. Nani angelalamika akiwa ndani ya kitu kinachong'aa namna ile?

Mtu pekee ambaye hakuota joto asubuhi hiyo alikuwa Oswaldi, na vioo vile alivifunga yeye.

Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, anatazama juu. Alikuwa fundi vioo kwa miaka thelathini. Alijifunzia misheni, akafunga madirisha ya makanisa na shule karibu uwanda wote wa Ufipa, na sifa yake ilikuwa moja: dirisha la Oswaldi halipitishi upepo. Huku juu upepo ndio adui, kwa hiyo yeye hukata kioo kikabana kabisa kwenye fremu, hata wembe usipite. Wakati wa ujenzi alikuja fundi mmoja wa Mbeya akamshauri aache nafasi kidogo, kwa kuwa fremu hizi ni za chuma, si mbao. Oswaldi alimcheka mbele ya vibarua. "Wewe huijui baridi ya Ufipa," alimwambia.

Tena alivifunga Oktoba, chuma kikiwa cha moto. Sasa ni Juni. Chuma kikipoa hujikunyata zaidi kuliko kioo, na kioo kilichobanwa hakina pa kwenda.

Jumanne, mchana, jua lilipohama, kioo kimoja cha orofa ya pili kilipasuka na kumwagika uwanjani, bahati hapakuwa na mtu. Oswaldi alikibadilisha upesi, na Mayunga alipouliza, akasema ni ndege. Ndege walikuwa wanajigonga pale kila siku, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri. Lakini tangu siku hiyo hakulala. Alikuja kila mchana akasikiliza, na kila mchana alisikia: tik. Kimya. Tik. Sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti.

Sherehe ilipangwa saa nne. Saa nne jua bado lingekuwa kwenye vioo, chuma kingekuwa na joto, na Oswaldi alijipa moyo kwamba utepe utakatwa, watu watatawanyika, naye atarudi kimyakimya kuvifungua kimoja kimoja. Ila mgeni rasmi alikuwa hajafika. Saa tano hajafika. Saa sita wakasema gari limekwama njiani, anakuja. Na jua lilikuwa linapanda kuelekea paani.

Oswaldi alivuka barabara, akamkuta Mayunga mlangoni katika suti ya kijivu, karibu na meza yenye sinia na mkasi wa kukatia utepe.

"Shikamoo, mzee. Watu wasogee kutoka ukutani."

"Marahaba. Wasogee waende wapi, fundi? Kuna baridi."

"Vioo, mzee. Jua likiondoka si salama."

"Miezi minane unanisifia kazi yako. Leo ndiyo si salama? Subiri mgeni aondoke, tutaongea." Akamgeukia mtu mwingine.

Hapo Oswaldi alifanya jambo la mwoga, na alilijua. Aliwaendea akina mama wa kwaya ya parokia, waliokaa safu tatu chini kabisa ya vioo, akawaambia wasogee mbele kidogo ili waonekane vizuri. Wakamcheka. Mke wake, Avelina, alikuwa safu ya katikati na kitenge kipya.

"Baba Silvana, tangu lini umekuwa mwalimu wa kwaya? Tuache tuote."

Alitazama juu. Jua lilikuwa limekwisha kuacha vioo vya juu upande wa kulia, kivuli kinasogea kimoja hadi kingine bila haraka. Upepo ulianza kuvuma kutoka kusini, mkavu, ule unaopeperusha vumbi na kukausha midomo. Akasikia, juu ya kelele zote za uwanja: tik.

Kama angenyamaza na kioo kisianguke, angebaki Oswaldi wa dirisha lisilopitisha upepo. Kama angenyamaza na kianguke, kingemshukia Avelina shingoni. Aliogopa yote mawili, na aibu yake ni kwamba kwa kitambo aliyaogopa sawasawa.

Akamwendea mshereheshaji, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mimi Oswaldi, mnanijua," alisema, na sauti yake ikamrudia kutoka ukutani. "Vioo hivi nimefunga mimi. Nimefunga vibaya. Nilivikata vya kubana, nikaambiwa, nikakataa. Kile cha Jumanne hakikuwa ndege. Tokeni hapo chini."

Watu walicheka kwanza, wakidhani ni kichekesho cha kupotezea muda. Kisha kicheko kikapungua, lakini hakuna aliyeinuka, maana kuacha joto si jambo dogo. Aliyeinuka wa kwanza ni Avelina. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Huyu hajawahi kusema amekosea hata nyumbani kwake," aliwaambia wenzake. "Inukeni."

Kwaya ikainuka, na uwanja mzima ukafuata, watu wakibeba viti na watoto mpaka ng'ambo ya barabara. Ukuta ukabaki peke yake, umejaa mbingu.

Mayunga alitoka mlangoni taratibu. Hakumfokea. Alitembea hadi pale kwaya ilipokuwa, akaugeuzia ukuta mgongo, akauegemea.

"Nani kakutuma, fundi? Siku ya leo, mbele ya watu wote hawa?"

"Sijatumwa, mzee. Toka hapo, nakuomba."

"Hawa ni ng'ombe wangu mia mbili." Alipiga kioo kwa kiganja. "Nimewachunga tangu mtoto. Sijawahi kuwakimbia ng'ombe wangu."

Kivuli kilifika orofa ya tatu. Kule juu Kristiana alikuwa amesimama nyuma ya kioo na koti lake mkononi, anatazama uwanja uliohama. Kisha akarudi nyuma ghafla, kwa sababu mstari ulikuwa umechorwa mbele ya uso wake, kutoka kona hadi kona, na hakuna aliyeuchora.

Oswaldi aliuona. Alikimbia, mzee wa miaka hamsini na mitano mwenye goti bovu, akamkamata Mayunga kwenye kola ya suti na kumvuta kwa nguvu zake zote. Walianguka pamoja kwenye changarawe. Nyuma yao kioo kilishuka kizima, kikagonga pale palipokuwa na mgongo wa Mayunga, na vipande vikaruka mpaka barabarani.

Juu, kwenye tundu, pazia la Kristiana lilikuwa limetoka nje linapepea, na kwa mara ya kwanza upepo ulikuwa unaingia ndani ya jengo lile.

Mayunga alikaa palepale chini, suti imechanika begani. Alikitazama kipande kimoja kilichosimama ardhini, kirefu kuliko panga. Kisha akamtazama Oswaldi, ambaye mkono wake wa kulia, ule wa kukatia, ulikuwa unachuruzika damu kutoka kiganjani.

"Vingine vingapi umevikata hivi?"

Oswaldi angeweza kusema kumi. Angeweza kusema vya orofa ya tatu tu, na mzee angeamini, maana alikuwa anatafuta cha kuamini. Avelina alikuwa amekwisha kuvuka barabara, amepiga magoti kando yake, anatafuta kitambaa cha kufunga mkono.

"Vyote, mzee. Mia moja na kumi na mbili."

Mayunga aliinuka. Alikwenda mlangoni, akachukua mkasi kwenye sinia, akaukata utepe mwekundu mahali paliposhikizwa, kulia na kushoto. Akarudi nao, akampa Avelina, na wawili hao wakaufunga mkono wa Oswaldi kwa nguvu mpaka damu ikasimama.

"Ukipona utaanza na vile vya juu ya mlango," alisema. "Na huyo wa Mbeya utamfuata wewe mwenyewe, umwombe."

Gari la mgeni rasmi likakata kona wakati huohuo, bendera inapepea. Akina mama wa kwaya walitazamana, hawajui kama waimbe.