Meli ya Kuchorwa

Mama mkwe wangu, Bi Saada, hajawahi kumsomea baba yake hitima. Baba huyo, Alute, alichukuliwa vita vya Burma yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakurudi. Mama yake akamwachia agizo: asisomewe mpaka aje mtu aliyemwona akifa. Mtu huyo hakuja. Sheikh wetu hapa Singida mjini ameshamweleza kwamba umri wa Alute umepita wa binadamu, asomewe tu. Bi Saada anaitikia vizuri, halafu akimaliza kuswali anamwomba Mungu amrudishe baba yake salama. Mimi nyuma yake nasema amin. Tangu mume wangu Haji afariki ni mimi ninayemtawadhisha, na siku hizi hata mguu wake haunyanyuki. Anachoogopa ni kufa baba yake hajasomewa.

Mwezi uliopita akaja Majidi, mtoto wa shemeji yangu, kutoka Dodoma. Kazi yake ni kuhamishia filamu kuukuu kwenye kompyuta. Alisema amekutana na filamu ya wakati wa vita, ya michoro, inayoonyesha meli iliyobeba askari wa kwetu ikizamishwa na Wajapani njiani kwenda Burma, mwaka ule ule alioondoka Alute.

“Nimeshakuwa mtoto, naletewa katuni,” alisema mama mkwe. Lakini akataka ashikiwe mto mgongoni aone vizuri.

Haikuwa na rangi. Mistari ilikuwa inatetemeka kama imechorwa na mtu mwenye homa. Meli ikaenda na moshi wake, kombora likaja chini ya maji limechorewa meno, meli ikakatika katikati. Askari wakamwagika baharini, wadogo kama mchwa, wote sura moja. Mama mkwe akanyoosha kidole, akawagusa mmoja mmoja. Hapo Majidi akafunga kompyuta.

“Aliyechora alikuwepo?”

“Walichora kwa sababu kule hakukuwa na kamera, bibi.”

Kwake hilo lilitosha. Akasema shahidi amekuja, akaniagiza nimwite sheikh Ijumaa. Akalala usingizi wa mchana, kitu ambacho sijakiona siku nyingi.

Mimi nilikuwa nimeuona ule mstari wa chini ya kioo cha kompyuta, unaoonyesha filamu imefika wapi. Ulikuwa haujafika mwisho. Nikamfuata Majidi uani nikamwambia anionyeshe iliyobaki. Hakutaka, lakini akafungua. Ikaja meli nyingine, mikono ikashuka, askari wote wakavutwa juu, wakapewa chai, wakacheka. Sauti ya mwanamume ikawaita vijana wengine waje wajiandikishe.

Majidi akasema hiyo chai ni uongo, waliotoka hai walikuwa wachache mno. Serikali ya wakati ule ilitengeneza filamu ili watu wasiogope kwenda. “Mwache, mama mdogo. Apumzike. Na wewe upumzike.”

Alisema kweli, nimechoka. Niliwaza nikae kimya. Lakini yule mama anakwenda kwa Mola wake siku si nyingi, na mimi ndiye ningekuwa nimemsindikiza na nusu ya habari. Alipoamka nikamwambia kuna kipande hakukiona. Majidi akageuza uso ukutani.

Akatazama mpaka mwisho. Chai ile aliitazama mara mbili.

“Wametoka wote?”

“Kwenye picha, mama. Majidi anasema haikuwa hivyo.”

“Basi huyu mchoraji naye hakuona.”

“Hakuona.”

Akajiegemeza kwenye mto. Nilidhani tumerudi kule kule kwa kungoja, nikaanza kukunja mkeka niliokuwa nimekalia. Akaniuliza kama watu walikufa kweli katika meli hiyo, hata kama si wote. Majidi akajibu ndiyo, mamia.

“Walisomewa?”

Majidi hakujua.

“Mwite sheikh. Awasomee wao.”

Nikamwambia sheikh atataka majina.

“Mwambie hawana. Awasomee watu wa meli. Kama baba alikuwamo, atapata fungu lake. Kama hakuwamo, mama yangu hawezi kunidai agizo lake, sijamzika mtu.”

Akafumba macho, akaniomba maji ya udhu, magharibi ilikuwa inakaribia. Nilimshika kiwiko tukanyanyuka pamoja, polepole, Majidi akishika upande wa pili.