Mke wa Fundi wa Tanuri

Nilifukuzwa kazi kwenye kiwanda cha mikate kwa sababu ya mume wangu, na mpaka leo sijaelewa kama kesi nimeshinda au nimeshindwa.

Yeye ni fundi wa tanuri, mimi nilikuwa nakanda unga. Pale mume na mke hawaruhusiwi kufanya kazi pamoja, kwa hiyo tulipooana tu meneja akanionyesha mlango. Mimi, si yeye. Nilichemka. Sheria inakataza kumbagua mtu kazini kwa hali yake ya ndoa, basi nikaenda mahakamani kifua mbele.

Wakili wa kiwanda akaeleza, taratibu kabisa, kwamba hali ya ndoa ni kuwa umeolewa au hujaolewa. Umeolewa na nani, hilo sheria haikulitaja. Wake za watu wamejaa kiwandani na hakuna aliyeguswa. Hakimu akawa anaitikia kwa kichwa. Nikaona kesi inanitoka.

Mume wangu, mjuaji wa kila jambo, akaja na lake: tuachane kwa karatasi tu. Tukishindwa kesi, nimpelekee meneja talaka, sababu ya kunifukuza itakuwa haipo, kisha tutarudiana kimyakimya. Akaniandikia talaka, akahamia kwa mama yake ili watu waamini. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunipenda, alimpokea kwa mikono miwili.

Siku ya hukumu hakimu alisoma mpaka kichwa kikaniuma. Maneno ya sheria ya usawa, alisema, yasibanwe. Yasomwe kwa kuangalia yametungwa kumlinda nani. Hali ya ndoa ni pamoja na yule uliyeoana naye. Nirudishwe kazini. Kumbe tungetulia tu! Nikamnong'oneza wakili wangu, je, kama huyo mume ameshaniacha? Akanikodolea macho, akakuna kidevu, akasema hilo nalo litahitaji tafsiri.

Kesho yake nikarudi kazini, nikamkuta mwenzangu mbele ya tanuri, shati limenyooshwa vizuri na mama yake. Nikamwambia yamekwisha, arudi nyumbani tufunge ndoa upya. Akafuta jasho bila kunitazama.

"Meneja amekata rufaa," akasema. "Tusubiri kwanza, tusikie mahakama itasemaje."

Nikarudi kwenye unga wangu, nikaukanda kwa hasira. Safari hii sijui nimshtaki nani.