Bakuli la Mashine Ndogo

Mashine ndogo za mwalimu Ruqaiya zilikuwa na kiburi, hakuna neno jingine. Zilikaa kwenye meza ya ukutani, kila moja haizidi boksi la sabuni, zimeunganishwa na televisheni kuukuu, na kila ukibofya programu ya kujifunzia herufi zilijibu vilevile: haiwezekani. Zile kompyuta kubwa zilizoletwa kutoka Arua, zilizonguruma kama kinu cha kusagia unga wa posho, ziliifungua bila maneno.

Kwenye mashine ndogo mojawapo alikaa Agnes Keji wa Abuku, mkulima, mke wa askari mstaafu. Alikuja darasani Koboko kila Jumamosi kwa sababu alikuwa amechoka kusomewa na majirani meseji za binti yake aliye Juba. Kila siri ya nyumba yake ilipita kwanza masikioni mwa watu. Herufi alizozijua alizidokoa kwa kuchungulia skrini ya jirani, shingo imepinda.

"Mwalimu, mimi nachoka," alimwambia Ruqaiya siku moja. "Hii yangu iko kama imekufa. Kama Jumamosi ingine haifunguki, Wani anakuja kunichukua, narudi kwa karanga yangu. Mimi hapana rudi tena hapa."

Ruqaiya alijua hatanii. Wani, mumewe, alikuwa ameshatangaza sokoni kwamba kompyuta si kazi ya mwanamke wa jembe.

Kosa lilikuwa la Ruqaiya, na alilifanya kwa moyo mweupe. Kwao, katika nyumba ya Wanubi, watu hula sinia moja; kumtengea mtu chakula chake ni kumfanya mgeni. Kwa hiyo alipounganisha kompyuta zote kwa waya, alichagua moja kubwa iwe ya kutunza mafaili, akaweka humo programu moja, akaziambia zote: haya, karibuni. Hakufikiri kwamba programu iliyoundwa kwa kompyuta kubwa mashine ndogo haiielewi kabisa, hata ukiisogeza karibu namna gani.

Katikati ya wiki, wakiwa wanakula nyumbani, alimwona mama yake akisukuma bakuli la mchuzi laini upande wa bibi, ambaye hana meno. Sinia lilikuwa lilelile. Bibi alikula na wote, akacheka na wote, na hakuna aliyemwona mgeni. Ruqaiya akabaki na tonge mkononi.

"Wee, kula!" mama akamkemea.

Kesho yake akapanda gari kwenda Arua, kwa dada yake anayeishi Onduparaka, ambako mtandao hausuasui, akapakua programu ileile iliyoundwa kwa mashine ndogo. Aliporudi, ndani ya folda ya pamoja kwenye ile kompyuta ya mafaili akatengeneza folda mbili, ya wakubwa na ya wadogo, akaandika maagizo mafupi: kila mashine ikiwaka ijitambue kwanza ni ya aina gani, kisha ichukue iliyo yake. Kazi za wanafunzi akaziacha mahali pamoja.

Jumamosi Agnes alikaa na mkoba wake mapajani. Ruqaiya akawasha. Skrini ikawa nyeusi, halafu herufi zikamwagika, kubwa, za kijani, kwenye mashine ndogo zote kwa pamoja. Ruqaiya mwenyewe, aliyeyaandika yale maagizo, alisisimka mwili mzima. Kompyuta moja tu ya mafaili pale pembeni, na kila mashine imejua iliyo yake bila kugombana! Subhanallah, akasema kwa sauti, wala hakuona haya.

Agnes akaweka mkoba chini. Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, Ruqaiya akamwonyesha namna ya kuhifadhi. Kisha wakafungua faili hilo kwenye kompyuta kubwa iliyo karibu na mlango, na maandishi yakawa huko pia. Agnes akaenda kuyagusa kwenye kioo, akarudi kuyatazama kwake, akaenda tena.

"Iko hapa, tena iko kule," alinong'ona. "Mungu wangu."

Alikuwa amerudi mezani kwake pikipiki iliponguruma nje. Wani akaingia na kofia yake ya zamani ya jeshi, tayari kufoka, kisha akasimama palepale mlangoni. Kusoma alijua, jeshi lilimfundisha. Kwenye kompyuta kubwa, ambayo hakuna mtu aliyekaa mbele yake, palikuwa pameandikwa WANI.

Akachungulia nyuma ya kompyuta. Akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani.

"Nani ameambia hii mashini jina yangu?"

"Mimi," Agnes akajibu kutoka upande wa pili wa chumba, bila kugeuka. "Ngoja inje, mzee. Mimi bado naandika."