Dawati la Nyuma Kabisa

Shule anayosoma binti yangu huwakalisha watoto kwa namba za mtihani. Wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma. Mama yake alipofariki mtoto akaanguka vibaya mtihani, na mwalimu mkuu, badala ya kumpa pole, akamsukumia nyuma kabisa, upande wa choo, kwenye dawati lenye mguu mbovu. Tangu hapo sifa yake ni mpiga kelele. Akipiga tena, nikaambiwa, anarudishwa darasa la chini.

"Unapiga kelele gani wewe?" nilimuuliza.

"Namuuliza tu mwenzangu ubaoni wameandika nini, baba."

Nikaenda kwenye mkutano wa wazazi damu inanichemka. Mwalimu mkuu, amevaa suti utadhani bwana harusi, akaagiza kila mzazi akae mahali pa mwanawe. Wenye watoto wa namba nzuri wakajaa mbele na kiburi chao. Mimi nikajikunja kule nyuma, magoti kidevuni. Nikipumua tu, dawati linagonga sakafu. Harufu ya choo sitaki hata kuisema. Na ubao ulikuwa unang'aa kwa jua la dirishani, sioni kitu. Bwana mkubwa naye anaongea na wa mbele tu, kana kwamba sisi wengine tumekuja kusindikiza.

Nikamwinamia mama aliyekaa jirani. "Amesemaje?"

"Hata mimi sijasikia, kaka yangu. Labda michango."

"Nyie wa nyuma!" mwalimu mkuu akafoka. "Kumbe watoto fujo wanazitoa kwenu!"

Mbele wakacheka. Watu wazima na ndevu zao, wanacheka!

Nikainuka. Kisomo changu kidogo, maneno ya kujibizana na suti sina. Nikalibeba lile dawati, nikapita nalo katikati. "Samahani dada, vuta mguu. Samahani." Nikalitua mbele, puu, chini ya ubao.

"Mzee, mpangilio huu umetoka juu," akasema mwalimu mkuu.

"Huko juu nako wanakaa karibu na choo?"

Safari hii waliocheka ni wa nyuma.

"Litarudishwa," akasema, mishipa ya shingo imemtoka.

Na kweli. Asubuhi yake nilimpeleka binti yangu mwenyewe, dawati nikalikuta kulekule nyuma. Basi nikaketi naye, tukabanana. Watoto wakageuka wote kunitazama. Mwalimu mkuu akatokea mlangoni.

"Mzee, unatoka saa ngapi?"

"Nikiuona ubao."